Mwenzi Wako Yupo?

Tulipoachana wiki iliyopita, Mapokezi alikuwa ameshika ukingo wa kofia ya koti la mvua, kwenye kiti cha mama yake ndani ya basi. Najua kuna wasomaji waliokwisha kumzika mama wa watu kabla hata kofia haijafunuliwa. Tulieni. Aliyekuwa chini ya kofia ile alikuwa mzima wa afya, tena alikuwa anakoroma kidogo.

Shida ni kwamba hakuwa mama.

Mapokezi aliisukuma kofia mpaka nyuma, akaona nywele nyeupe zilizokatwa fupi, pua ndefu, na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Bibi mgeni kabisa, asiyefanana na mama hata kwa bahati mbaya. Bibi akafumbua macho, akamtazama, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ambayo hakuna mle ndani aliyeijua. Kisha akampigapiga goti, akatabasamu.

"Wewe ni nani?" Mapokezi aliuliza. "Mama yangu yuko wapi?"

Bibi akaongeza tabasamu.

Kwa mliojiunga nasi leo, mjue haya tu, mengine mtayaokota njiani. Mapokezi ni jina alilopewa na wanaparokia wenzake, kwa sababu amekaa miaka mingi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kazi ya kujibu watu imemwingia mpaka kwenye damu. Mama yake alipatwa na kiharusi. Miguu ilirudi, mkono ukarudi, sauti ikakataa. Tangu hapo hajasema neno. Ndiyo maana binti alimpandisha ndege, akamleta na kundi la hija la parokia nchi za watu, kwenye kisima cha Bikira Maria, waombe sauti irudi.

Wamekiona kisima. Wamekunywa maji. Na sasa basi linakimbia kwenye barabara kuu, mvua inanyesha, na kwenye kiti cha mama amekaa bibi wa kundi jingine.

"Sista," Mapokezi aliita, na sauti yake haikuwa ile ya kliniki. "Sista, simamisha gari. Mama hayumo."

Sista, kiongozi wa safari, alikuja akishikilia viti kimoja kimoja. Alimtazama bibi, akamtazama Mapokezi, akarudi kwa bibi. Ni mwanamke aliyesomea nchi ile, anajua lugha yake na ukali wa polisi wake, na si mtu wa kupaniki. Lakini rangi ya midomo ilimpotea.

"Nilikuuliza," alisema taratibu. "Mlangoni pa basi. Nilikuuliza kama mwenzi wako yupo."

"Uliniuliza."

"Ukasema yupo."

"Nilisema."

"Ulimwangalia?"

Mapokezi alikuwa ameona kofia ya bluu, akaona mtu amelala ameegemea dirisha, akajua ni mama. Kwenye geti la kisima kulikuwa na mwanamume anauza makoti ya mvua ya nailoni, rangi moja tu, bluu. Mvua ilipoanza kila hujaji alinunua, wa kundi hili na wa kundi lile. Na mabasi yalikuwa meupe yote, yamepangwa mstari, milango wazi.

Lakini kosa halikuwa la makoti, na Mapokezi alijua. Kosa lilikuwa la ule wimbo.

Sista hakuamini kuhesabu vichwa. Alisema kila mtu awe na mwenzi wake, na kabla basi halijaondoka anamwita mtu kwa jina, anamuuliza, "Mwenzi wako yupo?" Siku ya kwanza watu waligeuka, wakatazama, wakajibu. Siku ya pili wakajibu bila kugeuka. Kufika siku ya nne imekuwa litania. Mama Sauti, yule mama mnene anayeongoza kwaya, aliitungia hadi tuni. Sista anauliza kwa sauti ya chini, basi linapokea kwa sauti ya juu, "Yuuupo," mwingine huku anasinzia, mwingine mdomo umejaa biskuti. Watu waliozoea kuitikia tangu ubatizo, ukiwapa tuni wataitikia chochote.

"Tulikuwa tunaimba, Sista," Mama Sauti alijitetea kutoka nyuma. "Sote tulisema yupo. Mimi mwenyewe sijui kama wa kwangu yupo."

"Nipo," alisema mwenzi wake, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega.

Kuna waliocheka, wakajishika midomo. Mapokezi hakusikia. Alikuwa ameshafika mbele kwa dereva.

"Geuza gari," alimwambia kwa Kiswahili. "Baba, nakuomba, geuza."

Dereva hakuelewa hata neno, ila aliiona sura. Sista akatafsiri. Dereva akajibu maneno mengi, macho yako barabarani.

"Anasema hapa hakuna kugeuka. Katikati kuna ukuta wa chuma."

"Basi asimame, nishuke."

"Kusimama pia hakuna. Atanyang'anywa leseni, na wewe utagongwa kabla hujavuka mstari. Mpaka njia ya kutokea."

"Iko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi, Sista?"

Sista akauliza. Dereva akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, akaonyesha mbele, ambako kulikuwa na barabara na mvua tu.

Hebu fikiria hali hiyo. Mama yako anabaki nyuma, na wewe umekaa kwenye kiti kizuri, mkanda umefungwa, na kila sekunde unapelekwa mbali naye. Huna pa kushuka. Huna wa kumpiga. Mapokezi alishika bomba la chuma karibu na dereva, akalisukuma kama vile basi lingerudi nyuma kwa nguvu zake.

"Ana pasipoti?" Sista alinong'ona.

"Ninayo mimi."

"Dawa?"

"Ninazo mimi. Za presha alitakiwa kumeza baada ya chakula."

"Kitambulisho cha shingoni? Chenye namba yangu?"

Mapokezi alifungua mkoba, akakitoa. Kitambulisho cha plastiki, picha ya mama, jina la parokia, namba ya simu ya Sista kwa tarakimu kubwa. Alikuwa amemvua mwenyewe asubuhi, kwa sababu kamba ilikuwa inamkwaruza shingo. Sista alipomwona hana alimuuliza mama, na aliyejibu ni binti. "Ana mimi, Sista. Kitambulisho cha nini?"

Sista alikipokea, akakigeuza, akakirudisha.

"Kwa hiyo yuko kule hana karatasi, hana dawa, hana sauti," alisema Mama Sauti, ambaye kila jambo lazima alimalizie.

"Mama Sauti, naomba unyamaze," Sista alisema.

"Nanyamaza. Ila nitasema hili moja. Kisimani ulimuuliza mama kama ataingia majini. Huyu akajibu, mama hapendi baridi. Ukamuuliza kama atawasha mshumaa. Huyu akajibu, mama atachoka kusimama. Maskini yule mama hapewi nafasi hata ya kutikisa kichwa."

Ungetegemea Mapokezi amrukie. Hakumrukia. Alirudi kwenye kiti chake, akaketi kando ya bibi mgeni, akaanza kulia bila kujificha.

Bibi alitoa leso, akampa. Alipoinama kuitafuta mfukoni, kamba ikachomoza kwenye koti lake. Sista akaiona.

"Subiri. Huyu naye ana kitambulisho."

Watu walisimama vitini. Kwenye kitambulisho cha bibi kulikuwa na jina refu lisilosomeka na, chini yake, namba ya simu. Sista alipiga pale pale, akaweka spika.

Simu iliita. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata.

"Piga tena."

Ikaita tena, ikakata.

Mara ya tatu haikuita kabisa. Sauti ya mashine ikaongea kwa lugha ya nchi ile.

"Anasemaje?" Mapokezi aliuliza.

"Simu imezimwa."

Mama Sauti alianzisha rozari, na safari hii hakuna aliyesinzia. Bibi mgeni akaidaka kwa lugha yake, akitoa maneno yake juu ya maneno yao, wala hakukosea pa kupokea. Alikuwa na amani kama yuko kwao. Mapokezi alimtazama na kujiuliza kama upande wa pili mama naye amekaa hivi, kati ya watu wasiomjua, au amesimama mvuani anageuza shingo kila basi jeupe linapopita. Picha hiyo ya pili ndiyo ilimng'ang'ania.

Hapo ndipo simu yake ilipoita mkononi. Aliruka. Akatazama kioo.

Kaka.

Sasa, huyu kaka lazima niwaambie. Jana mchana, wakiwa wanakula kwenye ukumbi wa hoteli, alipiga simu. Mapokezi aliiweka spika kwa sababu alikuwa anamkatia mama nyama. Kaka alisema alilosema: kama mama akirudi hivyo hivyo, hana sauti, basi nyumba yake inafungwa, na mama anakwenda kwenye makao ya wazee ya masista. Yeye amechoka, dada amechoka, kila mtu ana maisha yake. Walimzungumzia mama mbele yake kama wanazungumzia pa kuweka kabati. Mama alikuwa ameshika uma. Mapokezi alimtazama, akaona ametulia tu, akasema, "Sawa."

Neno moja tu. Kisha akaendelea kukata nyama.

"Pokea," Sista alisema. "Mwambie ukweli. Ni kaka yako."

Mapokezi alipokea.

"Mama yupo?" kaka aliuliza, hata salamu hakuna.

Na yule mwanamke, aliyetoka kulia sasa hivi kwa ajili ya neno hilo hilo, alifungua mdomo na likatoka lenyewe.

"Yupo."

Sista alifumba macho.

"Mmeshatoka kisimani?"

"Tumetoka."

"Na?"

"Na nini, kaka?"

"Na nini tena. Kuna chochote?"

Kabla hajajibu, bibi mgeni aliinama kwenye simu. Pengine alidhani ni wale watu wake waliokuwa wanatafutwa. Akaongea kwa sauti ya kizee, nyembamba, maneno mengi ya haraka, akamalizia na kicheko.

"Huyo ni nani?" kaka aliuliza.

"Kaka, sikiliza..."

"Huyo ni mama." Sauti ilianza kumkatika. "Huyo ni mama anaongea."

"Hapana, kaka, ni..."

"Hayaeleweki, sawa, hayaeleweki, daktari alisema yakirudi yatakuja hivyo hivyo, yamechanganyika. Ameongea. Mama ameongea." Na kaka, yule mgumu, yule ambaye kwenye msiba wa baba alisimama macho makavu akiwaelekeza watu pa kuegesha magari, aliangua kilio kama mtoto mdogo. "Nisamehe, dada. Yale niliyosema jana nisamehe. Nyumba haifungwi. Mama hahami. Ngoja niwaambie shangazi."

"Kaka, usimwambie mtu. Kaka!"

Alikuwa ameshakata.

Mapokezi alimpigia, ikawa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Kaka alikuwa anasambaza muujiza kwa ukoo mzima. Na muujiza wenyewe ulikuwa umekaa pale dirishani, unafungua pakiti ya biskuti ya Mapokezi bila kuomba.

"Mungu wangu," Mama Sauti alisema kwa sauti ndogo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kuwa ndogo.

"Mpigie tena umwambie," Sista alisema.

"Haingii."

"Mwandikie."

"Niandike nini, Sista? Kwamba mama hajaongea, na pia nimempoteza?"

Ni kweli, utaandikaje. Mapokezi aliweka simu mapajani, ikaanza kutetemeka kwa ujumbe. Shangazi anashukuru. Mjomba anashukuru. Mke wa kaka anauliza mama amesema neno gani la kwanza.

Ndipo simu ya Sista ilipoita.

Ilikuwa ile namba.

Sista alisimama katikati ya njia ya viti, akaongea lugha ya nchi ile, haraka, mkono mmoja umenyanyuliwa watu wasimbughudhi. Mapokezi alikuwa anasoma uso wake tu. Uliwaka. Kisha ukafanya kitu kingine, ukasita.

"Yuko nao," alisema.

Aleluya iliyopigwa mle ndani ilimshtua dereva mpaka basi likayumba. Mapokezi alipiga magoti sakafuni. Bibi mgeni naye alishangilia, biskuti mkononi, bila kujua anashangilia nini.

"Hawajaondoka hata kidogo," Sista aliendelea. "Walishuka tu na basi lao mpaka kanisa la chini, wakasali misa. Ndiyo maana kiongozi wao alikuwa amezima simu. Sasa wako bwalo la mahujaji wanakula. Walipoingia, akawaita majina, na..."

"Na nini?"

"Ngoja, nataka nimwelewe vizuri." Sista alisikiliza tena. Akauliza swali. Akauliza tena lile lile. Kisha akamgeukia Mapokezi, na akasema polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. "Kwao kila mtu anajijibia mwenyewe. Kiongozi alimwita huyu bibi tuliye naye, hakuna aliyeitika. Akaenda mpaka kwenye kiti, akamkuta mama yako. Akamuuliza yeye ni nani. Hakuna mtu wa kumjibia. Wakasubiri. Anasema walisubiri muda mrefu, meza nzima, chakula kinapoa."

"Mama hawezi," Mapokezi alisema. "Mtu angewaambia kwamba hawezi..."

"Aliongea."

"Sista, usinifanyie hivyo."

"Aliongea, mwanangu. Huyu kiongozi hajui maana yake, lakini amelishika vizuri. Anasema alisema, 'nipo'."

Hakuna aliyeimba sasa. Hata Mama Sauti. Mapokezi alibaki pale pale chini, anatazama mdomo wa Sista kana kwamba utasema jingine.

"Anakupa uongee naye," Sista alisema, akampa simu.

Aliishika kwa mikono miwili. Kwenye spika zilisikika sahani, watu wanaongea, kiti kinaburuzwa. Kisha pumzi. Aliijua pumzi ile, alilala nayo chumba kimoja.

"Mama?"

Pumzi.

"Mama, ni mimi. Upo?"

"Nipo."

Ilikuwa sauti nzito kuliko aliyoikumbuka, imekwaruza kwa kukaa bila kazi. Lakini ilikuwa ya mama, ile iliyomwita atoke mchezoni, ile iliyomfundisha Baba Yetu. Mapokezi alilia mpaka Sista akamshika mabega.

"Mama, tunakuja. Tunatafuta pa kugeuza, tunakuja kukuchukua sasa hivi. Usiogope. Dawa zako ninazo, pasipoti ninayo, kitambulisho chako kipo, kaa hapo hapo, usiwaambie chochote, mimi nitawaeleza..."

"Usije."

"Nini?"

"Usije."

"Mama, umechoka. Umechanganyikiwa kidogo. Mimi ni..."

"Najua." Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, kila moja linavutwa. "Wewe, mwanangu. Jana. Mezani."

Mapokezi aliisogeza simu karibu zaidi.

"Ulisema sawa," mama alisema. "Niliisikia. Sawa yako."

"Mama, nisikilize. Mama. Mama!"

Simu ilibadilisha mikono. Sauti ya kigeni ikaingia, Sista akaichukua. Na wakati huo huo, kwa sababu dunia ina mambo yake, basi likapunguza mwendo, taa ya pembeni ikaanza kupiga tik tik, na dereva akatangaza kitu kwa furaha. Njia ya kutokea ilikuwa imefika. Basi likakunja, likapita chini ya daraja, likageuza pua kurudi walikotoka. Kile alichokuwa anakiomba tangu kofia ifunuliwe, akakipata.

Hakuna aliyeshangilia, maana walikuwa wanamtazama Sista.

"Anasemaje?" Mapokezi aliuliza.

Sista aliifunika simu kwa kiganja. "Mama yako amemrudishia simu, akamshukuru kwa mkono, akaenda mlangoni. Walidhani anakwenda msalani."

"Na?"

"Hayupo msalani. Ametoka nje."

"Wamfuate."

"Wametoka watu wanne kumtafuta. Nje kumejaa. Anasema mahujaji wa misa ya mchana wanatoka kanisani, maelfu, mlango mzima. Anauliza mama yako amevaa nini, ili wamtambue."

Mapokezi alifungua mdomo kujibu, kazi yake ya miaka yote.

Alimtazama bibi mgeni dirishani. Akamtazama Mama Sauti, na mwenzi wa Mama Sauti, na safu nzima ya watu waliogeuza shingo kumngoja, wote bado wamevaa makoti yao ya mvua. Kando yake sakafuni simu yake iliwaka tena. Ulikuwa ujumbe wa kaka: uwanja wa ndege watakuja wote kumpokea, na shangazi anaomba jambo moja tu, mama apewe simu aseme hata neno moja.

"Sista anakuuliza," Mama Sauti alisema kwa upole. "Amevaa nini?"

"Bluu," alisema Mapokezi.